Skrini Ikiwa Giza, Kazi Hazijapotea

Skrini ya kompyuta inapoingia giza ghafla, jambo la kwanza linalomjia mtu moyoni ni kwamba kazi zake zote zimekwenda. Wapo waliokwisha beba kompyuta nzima hadi kwa fundi wakalipa fedha za kutosha, kumbe ni waya uliolegea. Ndugu msomaji, yafaa ujue kwamba skrini kazi yake ni kuonyesha tu. Barua na hesabu ulizozihifadhi zimo katika diski, ndani ya kasha.

Lililo hatarini ni lile andiko ambalo hukuwahi kulihifadhi. Kwa hiyo usikimbilie kuzima umeme. Bonyeza kitufe cha Caps Lock katika kibodi. Kama kitaa chake kinawaka na kuzimika, yaelekea kompyuta ingali hai. Ikiwa ulikuwa ukiandika, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja ingawa huoni kitu. Mara nyingi andiko ambalo lilikwisha pewa jina litahifadhika gizani humo humo.

Sasa tazama kitaa cha skrini yenyewe. Kisipowaka kabisa, chunguza plagi, swichi ya ukutani na waya wa umeme. Kikiwa na rangi ya machungwa au kikimetameta, kwa kawaida skrini ina umeme lakini haipati picha. Hapo tumia vitufe vya skrini kufungua orodha yake ya marekebisho. Maneno ya orodha hiyo hutungwa na skrini yenyewe, wala hayatoki katika kompyuta. Yakionekana safi, ugonjwa umo katika waya au katika kasha; yakiwa na michirizi, skrini ndiyo mgonjwa. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, nami nashangaa jinsi kinavyosahauliwa.

Karani mmoja aliyekuwa na orodha ya alama za wanafunzi alikuta skrini haina picha asubuhi baada ya ofisi kufagiliwa. Kasha lake lilikuwa na soketi mbili za picha: moja ya kasha lenyewe na nyingine, chini zaidi, ya kadi ya picha iliyoongezwa baadaye. Mfagiaji alikuwa amerudisha waya katika ile ya juu, ambayo mara nyingi hukaa kimya kadi ikiwapo. Waya uliporudishwa mahali pake, orodha ikaonekana.

Rangi nazo husema. Waya wa zamani wa VGA una nafasi za pini 15, na pini tatu kati yake hupeleka nyekundu, kijani na buluu. Ikikosekana buluu, karatasi nyeupe huonekana njano. Ikikosekana nyekundu, hugeuka buluu ya kijani. Ikikosekana kijani, huwa zambarau. Zima vyombo, chomoa waya, utazame kama kuna pini iliyopinda, kisha urudishe na kukaza skrubu zake. Usishtuke ukiona pini moja ya safu ya kati haipo. Nyaya nyingi hutengenezwa hivyo.

Pengine skrini bapa huonekana nyeusi ilhali picha imo. Mulika tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo imekufa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Wenye skrini nene za mtindo wa televisheni za zamani wakiona mabaka ya rangi, waondoe spika karibu nayo, kwa kuwa sumaku huvuruga picha. Lakini wasithubutu kuifungua! Ndani yake umeme hupita volti 20,000, na waweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ikithibitika kwamba skrini ndiyo mbovu, mpelekee fundi skrini peke yake. Kasha, pamoja na barua zako na siri za nyumba, libaki mezani.