Chuma Kifaacho kwa Kisu cha Kwanza

Tangu karakana ianze kufunguliwa siku za Jumamosi, wenzangu wengi wa vidato vya chini wamenijia wakitaka kujua ni chuma gani kifaacho kutengenezea kisu. Wengi wao huja na kipande cha nondo mkononi. Nimeona heri nieleze hapa mara moja, nisije nikarudia maneno yale yale kila Jumamosi mlangoni.

Kwanza yapasa kujua kuwa chuma cha kawaida na chuma cha pua si kitu kimoja, ingawa kwa macho vyafanana. Kinachovitenga ni kaboni, kitu kile kile kilichojaa katika mkaa. Chuma laini, kama cha msumari na nondo nyingi, kina kaboni kidogo mno, yapata robo ya sehemu moja katika mia. Ukikipasha moto mpaka kiwe chekundu, kisha ukakitumbukiza ghafla katika mafuta, kitatoka karibu kama kilivyoingia. Kisu chake utakinoa asubuhi, na kabla hujamaliza kumenya viazi vya mchana makali yamekwisha lala. Pua ya kisu yataka kaboni tangu nusu ya sehemu katika mia hadi karibu sehemu moja. Ni kiasi kidogo, lakini ndicho kiifanyacho iwe ngumu ipozwapo ghafla.

Wako wanaotamani pua isiyoshika kutu kwa kuwa yang'aa. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha pua ya namna hiyo mwaka 1913, na leo imo katika kila jiko. Lakini ili ikaze, kwa kawaida yataka moto upitao digrii 1,000 za Sentigredi, utulie hapo bila kupanda wala kushuka. Moto wetu wa mkaa na mivukuto waweza kufika huko. Kutulia huko ndiko kazi. Kwa hiyo anayeanza na achague pua kwa kutazama moto alio nao.

Wala moto wa mkaa si wa kudharauliwa. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuwa wakipata pua katika tanuri za mkaa yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Huko Marekani anayeanza hushauriwa kununua pua iitwayo 1084. Tarakimu mbili za mwisho zaonyesha kaboni, yaani sehemu 0.84 katika mia. Kwetu si rahisi kuipata dukani, nami nasema springi ya lori yatosha kabisa: zile bapa ndefu zilizopangwa moja juu ya nyingine karibu na ekseli. Kwa kawaida zina kaboni karibu 0.6, pamoja na manganizi, silikoni au kromi, nazo huvumilia kupozwa katika mafuta. Tupa kuukuu nayo ni nzuri, maana kaboni yake huzidi sehemu moja, ila hupasuka upesi zaidi. Tena tupa nyingine za bei rahisi ni ngumu kwa nje tu, ndani ni chuma laini. Vyuma vilivyopakwa zinki, kama mabomba ya maji, usivitie motoni kamwe. Moshi wake wadhuru kifua.

Springi iliyochakaa huweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Nimeona kisu cha mwenzetu mmoja, kilichopigwa tupa Jumamosi sita, kikilia "ti!" mara kilipozamishwa katika ndoo ya maji. Ufa ulikuwa tangu mgongoni mpaka kwenye makali. Basi jaribu kwanza. Kata kipande cha urefu wa kidole, kipashe moto mpaka sumaku isishike tena (yapata digrii 770), kiongezee moto kidogo tu, kisha kitumbukize katika mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu. Yawe ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, maana huweza kuwaka. Kikipoa, pitisha tupa juu yake. Ikiteleza kama juu ya kioo, kipande kimekaza. Kisha kibane katika jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani ya kukinga macho, ukigonge kwa nyundo. Kikipinda tu, hicho si cha kisu. Kikivunjika, tazama ndani: chembe ndogo za kijivu kama majivu ni dalili njema, lakini chembe kubwa kama sukari zaonyesha kuwa moto ulizidi.

Jaribio hilo likifaulu, ndipo uchore umbo la kisu. Kabla ya kupiga tupa, pasha springi mpaka iwe nyekundu, kisha ifukie katika majivu makavu mpaka kesho yake, nayo italainika. Kisu kikiwa tayari, kikaze kama ulivyofanya kwa kile kipande, na papo hapo kipashe tena katika tanuri la mikate, digrii 200, kwa saa mbili, kipoe, halafu mara ya pili vivyo hivyo. Kisipopashwa hivyo kitavunjika kikianguka sakafuni. Sehemu uliyoisugua kwa msasa itageuka rangi ya nyasi kavu. Ukiona makali yamekuwa ya buluu, moto umezidi na ugumu umepotea. Itakubidi ukikaze upya tokea mwanzo.