Meli ya Kwenda Barafuni: Ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, baharia mstaafu, amepewa ahadi na wanawe: watachanga fedha afike Antaktika, kwani bahari nyingine zote amezipita. Wameleta vitabu vya matangazo vya kampuni tatu, na vyote vimejaa pengwini. Pengwini hao ni wale wale; zinazotofautiana ni meli.

La kwanza ni idadi ya abiria. IAATO, jumuiya ya waendesha safari za Antaktika iliyoundwa mwaka 1991, inawataka wanachama wake wasiteremshe zaidi ya watu 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Na meli yenye abiria zaidi ya 500 haiteremshi mtu kabisa. Basi katika meli ya watu 100 wote hushuka pamoja, ilhali katika meli ya 400 hupokezana zamu, na asiye na zamu hutazama barafu dirishani. Nauli ikiwa nafuu mno, sababu huenda ikawa hiyo. Muulize wakala: tutashuka mara ngapi kwa siku? Akikujibu kwa kusifu chakula, nenda kwa mwingine.

La pili ni usalama. Tarehe 23 Novemba 2007 Explorer, meli iliyojengwa mahsusi kwa safari za barafuni, ilizama karibu na visiwa vya South Shetland. Watu wote 154 waliokolewa na meli ya Kinorwe, Nordnorge, baada ya kungoja saa kadhaa mashuani. Bahati yao bahari ilikuwa shwari. Tangu mwaka 2017 meli za ncha za dunia zina kanuni zao za kimataifa na cheti chao. Ulizia cheti hicho, na pia daktari wa melini. Bima nayo iseme waziwazi kwamba italipia kumtoa mgonjwa huko.

Mzee angali na paspoti ya Tanzania. Meli nyingi huondoka Ushuaia na kurudi huko huko, hivyo viza ya Argentina iulizwe mapema, na kama inaruhusu kuingia mara mbili.

Mwenyewe alikuwa na swali moja ambalo sisi hatukulifikiria: je, abiria huruhusiwa kupanda darajani kwa nahodha? Baadhi ya meli ndogo huruhusu. Wanawe wamekwisha kuandika barua kuuliza.