Dawa za Kisukari na Mifupa Yetu

Itajwapo habari ya kisukari, watu hufikiri mara moja macho, figo, na vidonda vya miguu visivyopona. Mifupa haitajwi. Nayo mifupa haina desturi ya kulalamika. Habari zake huja siku inapovunjika.

Kwanza yafaa tufahamu ya kuwa mfupa si kama boriti ya nyumba, iliyokwisha kuwekwa ikakaa. Ni kitu chenye uhai. Ndani yake zimo chembe zinazobomoa mfupa wa zamani, na chembe nyingine zinazojenga mpya, usiku na mchana, hata katika mwili wa mzee wa miaka 80. Wajenzi hao hutokana na chembe changa zilizomo katika uboho, ambazo zaweza kufuata njia mojawapo kati ya mbili: kuwa wajenzi wa mfupa, au kuwa mafuta.

Mwaka 1999 ilianza kuuzwa dawa iitwayo rosiglitazoni. Kazi yake ilikuwa kuufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi, na kazi hiyo iliifanya. Dawa hii ni kama ufunguo unaofungua kitasa fulani ndani ya chembe. Bahati mbaya kitasa hicho hicho kimo pia katika zile chembe changa za uboho, na kikifunguliwa huziamuru ziwe mafuta. Basi wajenzi wakapungua, na wabomoaji wakaendelea na kazi yao.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia ya ajabu kidogo. Wataalamu walikuwa wakilinganisha dawa tatu, wapate kujua ni ipi itakayodumu zaidi katika kuzuia sukari. Hawakuwa wakitafuta habari za mifupa. Wagonjwa walikuwa 4,360, nao walifuatwa muda wa miaka kama minne. Matokeo yalipotolewa mwaka 2006, ilionekana kwamba katika kila wanawake 100 waliomeza rosiglitazoni, karibu 9 walivunjika mfupa. Wa metformini walikuwa karibu 5. Kwa wanaume tofauti haikuonekana. Mwaka 2007 onyo kama hilo likatolewa juu ya dawa ya jamii moja nayo, pioglitazoni.

Msomaji asije akakimbia nyumbani kumwambia babu atupe vidonge vyake! Metformini, ambayo ndiyo wagonjwa wengi wa kwetu wanayopewa, haijaonekana kuvunja mifupa. Tena ugonjwa wenyewe, ukiachwa bila dawa, ni adui mkubwa wa mifupa: sukari iliyozidi hujibandika katika nyuzi za protini zilizomo ndani yake, nazo zikakakamaa. Ndiyo sababu mfupa wa mgonjwa waweza kupimwa ukaonekana mzito na mzima, kumbe ni mwepesi kuvunjika.

Insulini nayo huusaidia mfupa kujengeka. Hatari yake iko kwingine. Mgonjwa akijidunga kisha asile chakula cha kutosha, sukari yake hushuka mno. Hutetemeka, jasho likamtoka, kizunguzungu kikamshika. Kijana akianguka hivyo huinuka akajipangusa vumbi. Lakini bibi wa miaka 70, aliyeondoka kitandani usiku kwenda msalani bila taa, huenda akavunjika nyonga. Basi katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo, chakula cha jioni kisicheleweshwe, na taa iwekwe karibu na kitanda chake.