Sauti za Ituri na majina ya waimbaji

Septemba 1977 chombo cha Voyager 1 kiliondoka Florida kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ndani yake, pamoja na Bach, Mozart na Chuck Berry, umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, sekunde 56 tu. Orodha ya santuri hiyo inamtaja Colin Turnbull, aliyeurekodi. Walioimba hawatajwi.

Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza, alirekodi karibu na Epulu, Mambasa, katika miaka ya 1950, na kampuni ya Folkways ya New York ikatoa santuri zake. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey naye alipita pande hizi akirekodi Wambuti, Wanande na Wabudu. Kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini.

Nyimbo za Wambuti zilihitaji mashine ya kurekodi kweli. Katika visiwa vya Faroe, Jens Christian Svabo alikusanya tenzi za wazee mwaka 1781 na 1782 kwa kalamu tupu, na ikatosha, kwa kuwa tenzi hizo ni visa virefu vyenye beti nyingi. Wimbo wa Kimbuti una maneno machache. Kila mwimbaji ana sauti yake na zamu yake ya kuitoa, na wimbo unazaliwa pale sauti hizo zinaposukana. Andika maneno peke yake, karibu wimbo wote umepotea.

Ila mashine haiulizi jina. Kuuliza ni kazi ya mkusanyaji, na mfano mzuri uko jirani, kwa Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 Shé-Kárisi Rureke alisimulia utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza. Watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na Rureke ametajwa kwa jina na kuelezwa alikuwa nani. Hicho ndicho kipimo cha kazi hii.

Leo vita vimewatoa vijijini wazee wengi wanaojua nyimbo, na baadhi yao wanaishi katika kambi za waliohama hapa Bunia. Ewe mwenye simu, omba ruhusa kwanza, kisha rekodi. Andika jina la mwimbaji, kijiji chake, lugha yake na shughuli inayoimbiwa wimbo huo, na nakala moja iachie familia yake.