Paa Gumu la Land Rover

Si wachache katika wasomaji wetu waliolowa ndani ya Land Rover kuukuu ya shule wakipelekwa hospitali usiku wa mvua, kwani turubai lake lilikwisha kuchakaa. Muhula huu Bwana Fundi ameifunga paa gumu, nasi wanafunzi wanne tukamsaidia. Napenda kueleza jinsi ya kufanya kazi hiyo.

Gari hili, lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ni ya alumini, na sehemu zake nyingi hufunguka kwa spana tu. Kwanza tuliondoa turubai na vyuma vyake. Kisha tukalaza utepe wa mpira juu ya kingo za bodi na juu ya fremu ya kioo cha mbele. Mpira huu ndio kazi yenyewe: huzuia maji, tena hutenga alumini na chuma, maana viwili hivyo vikigusana penye unyevu, alumini huliwa.

Paa na mbavu zake tuliziunga chini, tukaziinua pamoja. Hapo ndipo wenye haraka huharibu: hukaza bolti ya kwanza kwa nguvu, na tundu la mwisho likakataa kulingana na lenzake. Sisi tulitia bolti zote zikiwa zimelegea, ndipo tukakaza kidogo kidogo, upande huu na huu.

Tukamwaga ndoo sita za maji. Pembe ya kushoto ilivuja. Tukalegeza, tukasogeza mpira, tukamwaga tena. Kukavu.