Kuchagua Pikapu: Starehe na Kazi

Mafunzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Somo hili limepigwa chapa ili msome tena pamoja baada ya kusikiliza.

Kaeni vizuri. Mwenye daftari na alifungue, mwenye kalamu na aishike, maana leo tutasoma na tutafanya hesabu pia. Somo letu ni gari. Hatutajifunza kuendesha. Tutajifunza kulipima gari kabla ya kutoa fedha.

Chukueni mfano huu. Watu kumi, wanaume na wanawake, wamefanya chama chao huko upande wa Geita. Wengine ni wachimbaji wadogo, wengine wana karasha la kusaga mawe, mama wawili huuza chakula machimboni, na mmoja analima pamba na mpunga upande wa Shinyanga. Kwa miaka mingi wameweka akiba. Sasa wanataka kununua gari moja la chama. Wameonyeshwa mawili, yote yamekwisha tumika. La kwanza ni pikapu ya fahari yenye milango minne, viti vya ngozi, kiyoyozi, kioo cha picha karibu na usukani, na magurudumu makubwa yanayong'aa. La pili ni pikapu ya kawaida. Viti vyake ni vya kitambaa, sura yake haina mapambo, lakini bodi yake ni ndefu. La kwanza lina bei kubwa zaidi. Wanachama wamegawanyika. Wengine wanasema, "Na sisi tumechoka kudharauliwa, tununue gari la heshima." Wengine wanasema, "Heshima haibebi mawe."

Wewe ungechagua lipi? Usijibu bado. Akiba hii ni jasho la watu kumi. Wakikosea, hawataipata tena upesi. Kwa hiyo tuulize maswali manne, moja moja.

SWALI LA KWANZA: GARI LITABEBA UZITO GANI?

Kila gari lina kiwango chake cha uzito. Kimeandikwa katika kibati au katika kitabu cha gari. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Tafuteni namba mbili. Ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu. Ya pili ni uzito mkubwa unaoruhusiwa wa gari pamoja na watu na mizigo. Ondoa ya kwanza katika ya pili.

Tuseme gari tupu lina kilo 1,900, na uzito mkubwa unaoruhusiwa ni kilo 2,900. Andikeni: 2,900 kutoa 1,900 ni 1,000. Basi gari hilo linaweza kubeba kilo 1,000, yaani tani moja.

Watu wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba tani hiyo ni ya bodi peke yake. Sivyo. Watu waliokaa ndani wamo katika hesabu hiyo. Wakipanda watu watano, na kila mmoja ana kilo 70, hao ni kilo 350. Zimebaki 650. Na kama mwenye gari amefunga ngao kubwa ya chuma mbele, kifuniko cha nyuma, na mapambo mengine yenye uzito wa kilo 100, basi zimebaki 550. Magunia ya kilo 100 yatakuwa matano tu. Mnaona, ndugu zangu? Mapambo nayo ni mzigo. Yanakula nafasi ya magunia.

Sasa tupime bodi. Tuseme ina urefu wa mita moja na nusu, upana wa mita moja na nusu, na kina cha nusu mita. Zidisheni: 1.5 mara 1.5 mara 0.5. Jibu ni mita za ujazo 1.125. Mita moja ya ujazo ya mchanga au mawe yaliyopondwa huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi kidogo. Basi bodi hiyo ikijazwa mpaka juu ina zaidi ya tani moja na nusu. Lakini gari liliruhusiwa tani moja, na watu wamo ndani yake! Kwa hiyo mwenye kubeba mawe ya dhahabu asingoje bodi ijae. Akijaza, springi zitavunjika, ekseli itapinda, na breki hazitaweza kulisimamisha gari kwenye mteremko.

Pamba ni kinyume chake. Pamba ni nyepesi lakini inachukua nafasi. Bodi fupi itajaa pamba kabla gari halijasikia uzito. Mkulima wa Shinyanga anahitaji bodi ndefu. Mchimbaji wa Geita anahitaji springi imara. Chama chetu kina watu wa aina zote mbili, nacho lazima kikumbuke hivyo.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe somo. Kila mwanafunzi afanye hesabu hii: Dumu la lita 20 za maji lina kilo 20 za maji. Madumu 30 yana kilo ngapi? Je, gari lenye watu watano na mapambo yake litayabeba?)

Mmepata jibu? Ni kilo 600. Zimezidi 550. Punguzeni madumu au punguzeni watu.

SWALI LA PILI: GARI LITAPITA NJIA GANI?

Barabara kuu za kwetu zimekuwa nzuri. Lami inatoka Mwanza mpaka Shinyanga, na Geita pia ina lami. Tangu mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na gari halingoji tena kivuko pale. Lakini karasha halikujengwa kwenye lami, wala duara halikuchimbwa kando ya lami. Gari la chama litaacha lami na kuingia vumbi, mawe, na wakati wa mvua, matope.

Ninyi mnaijua mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Wakati wa mvua huvimba na kunata kama uji mzito, ukaziba meno ya tairi yakawa laini kama kisigino cha mguu. Hapo gari linahitaji mambo matatu: tumbo lililoinuka kutoka ardhini, tairi zenye kashata ndefu, na magurudumu yote manne yanayosukuma, pamoja na gia ya nguvu ya mwendo wa polepole.

Msidanganyike na sura. Ziko pikapu zenye sura ya kupanda milima, kumbe magurudumu mawili ya nyuma tu ndiyo yanayosukuma. Na pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma. Basi ikiingia kwenye matope, magurudumu hayo huzunguka bure. Mwulize muuzaji, kisha jaribu mwenyewe.

Tazameni na tairi. Gari la fahari mara nyingi lina rimu kubwa na tairi nyembamba ubavuni. Linapendeza mjini. Lakini ubavu wa tairi ndio mto wa gari. Ndani yake mna hewa inayopunguza kishindo. Ubavu ukiwa mfupi, jiwe kali linafikia rimu upesi, nawe unasikia kila kishindo mgongoni. Hapo starehe imeondolewa na kile kile kilichowekwa kwa urembo.

SWALI LA TATU: STAREHE NI NINI?

Wapo watu watakaosema, "Starehe ni mambo ya matajiri, tuiache." Mimi sikubali. Dereva aliyetikiswa siku nzima, aliyevuta vumbi, ambaye mgongo unamwuma, huchoka. Dereva aliyechoka husinzia. Basi kiti kizuri ni usalama.

Tena, ndugu zangu, usiku mtoto akishikwa na degedege, au mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, gari gani litaitwa? Litaitwa gari la chama. Mama huyo atalazwa wapi? Pikapu yenye milango miwili kwa kawaida haina kiti cha nyuma. Je, atapanda kwenye bodi juu ya chuma, akirushwa kila penye shimo? Hapa milango minne ni jambo kubwa, wala si anasa. Mtu aliyekaa kwenye bodi hana mkanda, na gari likipinduka hana cha kumshika. Kama chama chenu kitasafirisha watu kila siku, viti vya ndani ni lazima.

Lakini starehe ina aina mbili: inayosaidia mwili, na inayosaidia macho. Andikeni safu mbili katika daftari. Safu ya kwanza: kiti kinachoshika mgongo, mikanda mizima, milango inayofunga vizuri vumbi lisiingie, kiyoyozi kinachofanya kazi, shokapu nzima. Safu ya pili: rimu zinazong'aa, taa za urembo, redio kubwa, ngozi ya viti. Ngozi inapendeza, nayo hufutika vumbi upesi. Lakini gari likiachwa juani mchana kutwa, wewe mwenyewe utajua ukikaa juu yake.

Jambo jingine ni springi. Pikapu nyingi zina springi za bapa nyuma, yaani vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Zimefanywa ngumu ili zibebe mzigo. Kwa hiyo gari likiwa tupu hurukaruka kama mbuzi, na likipata mzigo wa kadiri hutulia. Baadhi ya pikapu za fahari zina springi za kuzungushwa nyuma, kama za magari madogo. Hizo ni laini zaidi kwa abiria, lakini gari likielemewa kila siku hulala nyuma. Basi mkitaka kupima starehe ya pikapu, msiijaribu tupu tu. Ijaribuni tupu, kisha wekeni mifuko michache ya mchanga, mwende njia ile ile.

Na mzigo upangwe mbele ya bodi, karibu na kebini. Shika ndoo ya maji karibu na kifua chako, kisha inyoshe mbali kwa mkono. Uzito ni ule ule, lakini mkono unachoka. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli hufanya vivyo hivyo. Huinua pua ya gari, na usukani huwa mwepesi kwa hatari. Pikapu ya milango minne ina bodi fupi, kwa hiyo jambo hili liangaliwe zaidi.

SWALI LA NNE: LIKIHARIBIKA, NANI ATALITENGENEZA?

Gari hununuliwa siku moja, hulipiwa kila siku. Toyota Hilux ilianza kutengenezwa 1968, na Toyota Land Cruiser za namba 70 zilianza 1984. Aina hizo zimeenea sana nchini, kwa hiyo mafundi wengi wamezizoea na vipuri vyake vinajulikana. Sasa sikilizeni habari ya gari jingine. Kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa pikapu ya fahari iliyoitwa X-Class mwaka 2017, ikaijenga juu ya Nissan Navara. Mwaka 2020 ikaacha kuitengeneza. Jina lilikuwa kubwa, lakini halikudumu miaka minne. Mwenye kununua gari lisilotengenezwa tena hana budi kujiuliza kipuri atakipata wapi, na baada ya siku ngapi. Siku gari linapongoja kipuri, karasha linangoja mawe.

Injini za dizeli za siku hizi zina mashine ndogo sana za kupulizia mafuta. Mafuta yenye maji au uchafu huziharibu, na kuzibadilisha ni ghali. Nunueni mafuta mahali panapoaminika, na badilisheni chujio za mafuta na za hewa mapema, maana vumbi letu ni jingi.

Hesabu ya mwisho. Tuseme gari la chama huenda kilomita 880 kwa juma. Gari moja huenda kilomita 8 kwa lita, jingine kilomita 11. La kwanza litatumia lita 110, la pili lita 80. Tofauti ni lita 30 kila juma. Kwa majuma 52 ni lita 1,560. Zidisheni kwa bei ya mafuta ya kwenu, mtaona fedha yenyewe.

Ndugu zangu, wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini msichukue methali hiyo kuwa gari zuri ni baya sikuzote, wala gari baya la sura ni imara sikuzote. Gari la kawaida lenye chesisi iliyopinda ni hasara. Gari la fahari lenye viti vinne vizima vya abiria laweza kuokoa maisha ya mama usiku. Kinachotakiwa ni kupima, na kupima ni kusoma, kuhesabu na kuuliza.

Sitawaambia wale watu kumi wanunue lipi. Nawaachia ninyi. Darasa ligawanyike makundi mawili. Kundi moja litetee pikapu ya fahari, la pili litetee ya kawaida. Kila kundi lijibu maswali yote manne, nalo lisiseme neno "heshima" mpaka limemaliza kusema habari za uzito, njia, watu na matengenezo.

MASWALI YA KUANDIKA
1. Uzito wa gari tupu ni kilo 2,050. Uzito mkubwa unaoruhusiwa ni kilo 3,000. Wamepanda watu wanne wa kilo 70 kila mmoja. Mzigo usizidi kilo ngapi?
2. Taja starehe mbili zinazosaidia mwili na mbili zinazosaidia macho tu.
3. Kwa nini bodi iliyojaa pamba haidhuru gari, na iliyojaa mawe hulidhuru?
4. Andika mistari mitano kumshauri ndugu yako anayetaka kununua gari.

Mwalimu asahihishe madaftari. Tukutane tena katika somo lijalo. Kwa herini.