Gundi Haikauki, Huiva

Msomaji anayeisoma safu hii akiwa amebanwa ndani ya matatu ana haki ya kuniuliza: kioo cha nyuma cha gari la kifahari, tena la milango miwili, lenye paa la chuma linalojikunja na kuingia butini, kinamhusu nini? Namwomba subira. Gundi iliyokishikilia kioo hicho ndiyo iliyokishikilia, au iliyopaswa kukishikilia, kioo kikubwa kilicho mbele ya dereva wake. Na kisa chenyewe, japo kilianzia kwa mtu mwenye mali, kiliishia kwangu mimi mwalimu wa isimu, kwa sababu kilikuwa tangu mwanzo hadi mwisho kisa cha maneno.

Mwenye gari ni rafiki yangu tuliyesoma naye. Yeye alikwenda kwenye biashara, mimi nikaenda kwenye vitabu. Tofauti yetu huonekana tunapoegesha. Gari lake ni Mercedes-Benz SLK, lililoundwa Ujerumani, likauzwa Japani, likatumika huko miaka kadhaa, kisha likateremshwa Mombasa kabla halijatimiza ile miaka 8 ambayo Kenya imeiweka kuwa ukomo wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Kitabu cha maelezo kilichokuja ndani yake kimeandikwa Kijapani. Hakuna mtu katika ukoo wake, wala katika gereji alizozizoea, asomaye Kijapani. Kwa hiyo kitabu kilikaa mahali pake, safi kama siku kilipotoka kwa mpiga chapa.

Jumamosi moja, akirudi kutoka Thika, alinunua kando ya njia jiko la makaa, lile la bati lenye kauri ndani, akalitia butini. Mbele kidogo jua likachomoza, naye akatamani upepo. Akasimamisha gari, akabonyeza kitufe. Paa likainuka, likajikunja, likateremka. Na pakasikika mlio kama wa maharagwe makavu yanayomwagwa katika sinia. Kioo cha nyuma kilikuwa kimekwisha.

Yafaa nieleze hapa jinsi paa hilo linavyofanya kazi. Wazo lenyewe si geni. Mfaransa Georges Paulin, aliyekuwa daktari wa meno na mchoraji wa magari kwa pamoja, ndiye ambaye kazi yake iliiwezesha kampuni ya Peugeot kutoa katika miaka ya 1930 magari yenye paa la chuma la kujificha; maskini, aliuawa na Wajerumani mwaka 1942 kwa kushiriki harakati za ukombozi wa nchi yake. Wamarekani walijaribu na Ford Skyliner kati ya 1957 na 1959, wakaacha. Ni SLK ya mwaka 1996, ambayo paa lake hufunguka kwa muda wa sekunde 25 hivi, iliyoufanya mtindo huu uenee tena. Paa hugawanyika vipande, na kipande cha nyuma ndicho kilichobeba kioo. Katika baadhi ya magari ya aina hii kioo hicho hujipindua chenyewe kinaposhuka, ili mbinuko wake ulaliane na mbinuko wa paa na nafasi ya mizigo isipotee. Ama kwa hakika ni paa linalopaa, na lugha yetu ilikuwa tayari na neno lake kabla ya gari kubuniwa.

Basi ndani ya buti la gari hili mna pazia. Lisipovutwa na kufungwa mahali pake, paa hukataa kusogea. Ndiyo namna ya mtengenezaji ya kuhakikisha kwamba mzigo haumo katika njia ya paa. Lakini miezi michache kabla ya safari ya Thika, fundi mmoja wa umeme, aliyechoshwa na paa lililogoma, alikuwa ameunganisha nyaya mbili ili gari lidhani daima kwamba pazia limefungwa. Sithubutu kumwita mjinga. Aliondoa kikwazo alichokiona. Sababu ya kikwazo hicho kuwekwa ilikuwa imeandikwa Kijapani.

Rafiki yangu akapiga simu kwa muuzaji mmoja wa vipuri, akaagiza "kioo cha nyuma". Baada ya siku mbili akaletewa kile kijioo cha ndani anachotazamia dereva aone yaliyo nyuma yake. Hakuna aliyekosea. Neno kioo kwetu ni lile linalopitisha macho na ni lile linalorudisha sura, na muktadha ndio unaotenganisha. Tangu hapo akawa anaagiza kwa nambari ya fremu ya gari. Nambari haina visawe.

Wakati tukingoja kioo kutoka ng'ambo, wakatokea washauri. Mmoja alisema angekata kioo cha gari jingine kikalingana. Hili haliwezekani, na ni vyema kila mwenye gari ajue kwa nini. Kioo cha mbele kwa kawaida ni tabaka mbili zilizogandamanishwa na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa jiwe hupasuka lakini hubaki mahali pake. Kioo cha nyuma aghalabu ni cha namna nyingine: hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa upepo baridi kwa ghafla. Nje hukaza mapema na ndani huvuta kwa kuchelewa, hata kioo chote kikawa kama upinde uliovutwa. Hustahimili kishindo kikubwa, lakini ncha ngumu ikikigusa pabaya, au mtu akijaribu kukikata au kukitoboa, upinde wote hufyatuka na kioo kikawa chembe. Waliokibuni walitaka hivyo, kwa kuwa chembe hazichinji mtu kama vigae. Kwa hiyo kioo cha mbele hupasuka, hiki husagika. Kiswahili kina vitenzi vyote viwili, na ajabu ni kwamba fomu za bima hazitumii hata kimoja.

Naam, bima. Mkataba wa rafiki yangu, wa Kiingereza kitupu, ulikuwa na ibara ya kufidia kioo cha mbele na vioo vya madirisha bila kumnyang'anya punguzo apewalo asiyedai fidia. Karani akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kioo hiki si dirisha bali ni sehemu ya paa, maana huondoka pamoja na paa. Na paa likiharibika, ni ajali kamili, yenye fomu yake na makato yake. Hapo ndipo nilipopigiwa simu. "Daktari," akaniambia rafiki yangu, "umesomea maneno miaka yote hiyo. Leo nitafutie faida."

Nikaandika barua ya kurasa mbili. Nilisema kwamba neno dirisha tulilipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ilikuwa mlango mdogo, na kwamba halijawahi kuwa na sharti la kutosogea. Kioo cha mlango wa gari hupanda na kushuka, na hakuna karani aliyewahi kukiita mlango. Kinachokifanya kitu kiwe dirisha ni kazi yake: mtu aliye ndani huona nje. Nikaongeza kwamba iwapo kampuni ilikusudia maana finyu kuliko ile ya kawaida, ilipaswa kuiandika mapema, wala si kuivumbua baada ya hasara. Walilipa hadi kikomo cha ibara ile, kiasi ambacho hakikufika nusu ya bei ya kioo. Sina hakika kama ni barua yangu iliyowashawishi au ni urefu wake.

Kioo kilipowasili, nilikwenda gereji nikiwa na ujuvi wa aliyeshinda kesi. Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Aliondoa gundi ya zamani kwa kisu, lakini hakuimaliza. Alibakiza utando mwembamba, wa milimita moja hivi, ukizunguka fremu yote. Nikamwuliza kwa nini hasafishi kabisa. "Hicho ndicho kitanda, mwalimu," akanijibu. "Gundi mpya hulalia ya zamani vizuri kuliko inavyolalia rangi." Ule ukanda mweusi uliochapwa pembezoni mwa kioo, ambao mimi nilikuwa nikiudhani pambo, aliuita kivuli. Kazi yake ni kuikinga gundi na mwanga wa jua, ambao ukiipata siku baada ya siku huioza. Akapaka, akakiweka kioo, akaunganisha nyaya za ile mistari myembamba ya kupasha kioo joto, ambayo husahaulika mpaka asubuhi ya Julai yenye ukungu.

"Itakauka lini?" nikauliza.

Akatabasamu. "Gundi hii haikauki, mwalimu. Huiva."

Nilidhani ni mzaha, nikachukua ule mrija nikasoma maandishi madogo ubavuni, yaliyokuwa kwa lugha kadhaa za Ulaya. Msomaji, nilisimama pale nikaona haya. Gundi ya vioo vya magari, ile ya poliurethani, haipotezi maji hata ikakauka. Kinyume chake, huyanywa: huchukua unyevu kutoka hewani, nao ndio unaoigeuza kuwa mpira mgumu. Katika joto la nyuzi 23 na hewa yenye unyevu wa nusu, aghalabu hukomaa kwa kina cha milimita 3 au 4 katika saa 24 za kwanza, ikianza nje kuelekea ndani. "Ni kama mandazi," akasema fundi. "Ngozi imepiga rangi, ndani bado unga."

Tazama basi neno linavyoweza kumpoteza mtu. Anayeamini kwamba gundi hukauka ataifanyia kila kinachokausha. Ataliweka gari juani, ataleta taa ya joto, atagusa kwa kidole, na kidole kisiponata atasema kazi imekwisha. Joto husaidia, ni kweli, lakini joto lisilo na unyevu halikamilishi kazi, na kidole hupima ngozi tu. Anayeamini kwamba gundi huiva ataingoja. Fundi huyu hakuwahi kusomea kemia, lakini kitenzi alichokichagua kilikuwa na kemia yote ndani yake. Mimi mwenye shahada ya uzamifu katika lugha nilikuja na kitenzi kibaya.

Aliamuru paa lisiguswe kwa siku tatu. Rafiki yangu alilalamika, maana alikuwa na harusi ya kuhudhuria, lakini fundi hakulegea. Paa likifunguka, kioo huinuliwa, hupinduliwa na kutikiswa, na uzito wake wote huning'inia kwenye gundi. Ikiwa bado mbichi, kioo husogea kidogo tu, usione kwa jicho, kisha mvua ya kwanza huonyesha penye pengo. Au, barabarani, upepo hukiinua.

Sasa nirudi kwenye matatu. Zamani kioo cha mbele kilishikwa na ukanda wa raba ulioingizwa kwa kamba, na fundi akimaliza uliweza kuondoka papo hapo. Magari mengi ya sasa yameacha raba. Kioo hugundishwa, nacho hugeuka kuwa kiungo cha mwili wa gari. Hulitia nguvu paa gari likipinduka, na penye mfuko wa hewa wa abiria, mfuko ule hupasuka kwa kuegemea kioo. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu gari la abiria likibadilishiwa kioo saa nne na kupakia saa tano, kwa sababu hesabu ya tajiri haingoji. Nimeona pia silikoni ya kuzibia masinki ikitumiwa badala ya gundi yenyewe. Kwa nje huwezi kutofautisha. Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wahenga, lakini abiria huona kuelea tu.

Lawama nyingi huwashukia mafundi wa jua kali. Mimi naanza na sisi tulio madarasani. Kwa miaka mingi wanaisimu tumeketi katika semina tukibuni istilahi za fani ambazo hatujazigusa, kisha tukishangaa kwamba hazitumiki. Nimewahi kuwamo katika kikao kilichobishana alasiri nzima juu ya jina la sehemu ya injini ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuionyesha kwa kidole. Wakati huohuo, kitanda, kivuli, ngozi na kuiva vilikuwa vinatumika kila siku, hatua chache kutoka kituo cha basi.

Lawama ya pili ni ya wenye kuuza. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika ibara ya 7, na ibara ya 46 imempa mnunuzi haki ya habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Waagizaji wa magari wanaweza kutia ndani ya kila gari karatasi moja ya Kiswahili. Haihitaji kutafsiri kitabu kizima. Sentensi moja kuhusu pazia la buti ingemwokolea rafiki yangu fedha ambazo sitazitaja, mkewe akisoma safu hii. Wauzaji wa gundi nao wanaweza kuchapa kwenye mrija saa za kungoja kwa lugha ya anayeushika. Na mkataba wa bima unaotofautisha dirisha na paa uandikwe kwa lugha ambayo mlipaji anaweza kubishana nayo.

Kioo kimeshika, na maji hayaingii. Fundi alizitenganisha zile nyaya mbili pia, kwa hiyo paa limerudia tabia yake ya kugoma pazia lisipofungwa, na rafiki yangu amerudia kunung'unika. Jiko lilipasuka kauri siku ile. Amenunua jingine, akalisafirisha kwenye kiti cha abiria, likiwa limefungwa mkanda.